Mama alifariki nina miaka 7, sasa binti yangu kafika 7 na mimi ndo naanza kuumia upya

Mchuma Zabibu:
Mbukwenyi wakuu. Saa nane usiku hii nipo sebuleni Nkuhungu, waifu na mtoto wamelala, na nimeshaamka mara tatu kwenda kusikiliza kama waifu anapumua. Siwatanii, naweka kiganja karibu na pua yake kabisa.

Iko hivi. Mama alifariki 1994 kijijini kwetu Bahi. Alipelekwa hospitali kwenye keria ya baiskeli ya mjomba, na ninachokumbuka wala sio sura yake, ni kisigino, kimepasukapasuka kina vumbi, af ndala moja ikadondoka njiani nikaiokota nikawa nawakimbiza naita jamani ndala, jamani ndala, hawakusikia. Nikarudi nayo nikaiweka chini ya kitanda nasubiri. Siku ya msiba watu wamejaa uwanja mzima, mi naambiwa mama kasafiri, nenda kacheze.

Baada ya hapo nililelewa kwa zamu, mara kwa bibi, mara baba mkubwa Manyoni, mara shangazi Kizota. Mpaka leo nguo zangu zinakaa kwenye begi, kabati waifu kanunua zuri tu ila siwezi. Zaidi ya hapo nilijua nimeshavuka. Sasa binti kafikisha saba, yupo la pili, juzi namwangalia anahangaika kufunga kamba za viatu ulimi nje, nikapigwa na kitu kifuani, kumbe nilikuwa mdogo HIVI? Kwenye kumbukumbu zangu siku zote najiona mkubwa, kama kijana hivi aliyezembea kuwahi baiskeli.

Kuna mwingine ilimrudia ukubwani? Na mtoto ananiuliza bibi mzaa baba yuko wapi, najikuta nataka kusema kasafiri.

Kiboko ya Mtera:
Pole sana mkuu. Hiyo ya ndala nimeisoma nikafunga simu kwanza.

Jembe Halilali:
Mkuu nisamehe nitakuwa mkavu. Kizazi chetu tumefiwa wengi, miaka ya tisini ukimwi ulipita kila mji, dawa za bure zimekuja kuanza 2004 wazazi wetu washalala zamani. Mi nilizika wote wawili kabla sijamaliza la saba, nikauza karanga na maji stendi, leo nina fuso mbili zinabeba mahindi Kibaigwa. Mwanaume ukishaanza kukaa usiku unasikiliza pua za watu utachizi. Piga kazi.

Binti wa Mpwapwa:
Kaka Jembe, hongera kwa fuso, ila hebu niambie mara ya mwisho umepumzika hata wiki moja ni lini? Hilo jina lako tu linajieleza.

Mchuma hauko peke yako. Baba yangu alikuwa kwenye ile treni ya Igandu, Juni 2002, ile ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikaenda kuivaa ya mizigo, walikufa watu zaidi ya 280. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Watu wanadhani kinachobaki ni majonzi tu, kinachobaki ni makaratasi jamani. Baba wadogo waligawana kiwanja na mbuzi, mama akaambiwa asubiri kikao cha ukoo, anasubiri mpaka leo. (Sheria ya Mtoto inayosema mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake imekuja 2009, sisi tulishamalizwa.) Cheti cha kifo hakuna aliyefuatilia, af mimi naomba mkopo wa chuo natakiwa nithibitishe kuwa baba kafa. Nimezunguka kwa mtendaji, sijui wapi, miezi, mpaka siku karani mmoja ananiuliza bila hata kuniangalia, "una uhakika alikufa?" Nililia pale dirishani kuliko nilivyolia msibani.

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma 2024 nikajikaza nikapanda kwenda Dar. Njia nyingine, treni nyingine, najua vizuri tu. Nilishika kiti mpaka Morogoro.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu Mchuma, shkamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Mtoto mdogo sana hajui kama kifo ndo basi, anajua mtu atarudi. Wa miaka saba ameshaanza kuelewa ila lazima aambiwe waziwazi. Ukimwambia kasafiri, atasubiri, na wengine wakiwa wanasubiri wanajitafutia kosa lao. Wewe umejiita kijana aliyezembea, rudia kusoma ulichoandika.

Na hilo la kukurudia mtoto wako akifika umri uleule nimelisikia sana kwa wagonjwa wangu. Wengine linawapata wakifikisha umri aliofia mzazi. Ila kufiwa peke yake hakumharibu mtu, mtoto akibaki na mtu mzima mmoja asiyemhamahamisha anasimama vizuri tu. Jembe, wewe nani alibaki na wewe?

Kutolala kukizidi usikae nako. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, najua "utapelekwa Mirembe" kwetu ni tusi, lakini nimeona watu wanaingia pale na miguu yao, wanaongea na mtaalamu, mchana wako kazini na hakuna jirani anayejua.

Jembe Halilali:
Bibi. Bibi mzaa mama, alinilea mpaka nakuwa na nyumba yangu. Kila nikirudi stendi usiku nakuta kaniwekea ugali na mlenda umefunikwa na sahani, hata nikichelewa vipi.

Sikuwahi kuiangalia hivyo. Mchuma nisamehe bro.

Mchuma Zabibu:
Shkamoo mama Nesi, hii sasa nimeitoa. Jembe hamna shida kaka.

Mrejesho. Jana jioni nimekaa na binti nje nikamwambia bibi yako alifariki, aliumwa, baba alikuwa mdogo kama wewe. Nikamsimulia mpaka ndala. Nilijua atalia. Akafikiria wee, af akauliza, "kwa hiyo bibi alifika hospitali na ndala moja? Hakuungua mguu?"

Miaka yote hiyo nimekaa na ndala niliyobaki nayo mimi, ile aliyoondoka nayo sijawahi kuiwaza. Nikamwambia sijui, tutamuuliza babu. Mjomba yule wa baiskeli yupo hai, macho tu ndo hayaoni vizuri. Jumamosi tunaenda Bahi wote watatu, waifu kashanunua sukari na kanga ya shangazi.

Usiku nimeamka mara moja tu.