Nani anaimba hii? Nyatiti na kompyuta, nimeisikia kwenye tuktuk Kondele

CherehaniKibuye:
Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa nguo hapa soko la Kibuye, Kisumu, nashona sare za shule, na kwa kelele za hapa masikio yangu yalishaota sugu. Wimbo haunishtui ovyo.

Juzi jioni nilipanda tuktuk kwenda Mamboleo, vitambaa vimejaa mapajani. Tulipofika Kondele, pale chini ya daraja, tukakwama. Dereva alikuwa ameweka ohangla, ngoma zetu za Kijaluo. Ikaisha, ikaingia ngoma nyingine kabisa. Mwanzo ni dum, dum, dum ya kompyuta, kavu kama mtu anayepiga ndoo tupu. Kisha kinanda kinachovuta sauti ndefu, ya baridi. Nikasema haya, Wazungu hao. Mara nyatiti, kile chombo chetu cha nyuzi cha Kijaluo! Si kinanda kinachoiga nyatiti, nyatiti yenyewe. Babu yangu alikuwa jathum, yaani mpiga nyatiti, huko Alego, na ile pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mti naijua hata usingizini.

Anayeimba ni msichana. Anachanganya Kiswahili na Kijaluo, sauti ya chini kama mtu anayeongea na simu mtoto amelala. Nilichoshika ni kwamba tokeni za stima ziliisha katikati ya ugomvi wake na mpenziwe, wakabaki gizani, kila mmoja anajizuia asiwe wa kwanza kucheka.

Nilimuuliza dereva. "Sijui mama, flashi ni ya kaka yangu." Kwenye redio paliandikwa AUDIO 014, basi. Nilipowasha Shazam, ile programu ya simu ya kutambua nyimbo, tuktuk ikaondoka, mngurumo ukameza kila kitu. Nani hawa?

WaLanet:
Dada, salamu kutoka Nakuru. Umenikumbusha Just A Band, wale vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2008, na 2010 video yao ikamfufua Makmende, yule jamaa mbabe wa utani wa mitaani, nchi nzima. Mambo ya kompyuta na sintesaiza waliyaanza mapema. Huenda ni kazi yao ya zamani.

CherehaniKibuye:
Asante ndugu, lakini Makmende namjua. Mwaka huo nilikuwa bado najifunza kazi, na fundi aliyenifundisha alimwita hivyo kila mteja mkorofi. Si hao.

DJwaMatanga:
Mama fundi, hao nawajua kiasi. Wako watatu, pande za Maseno: kijana wa kompyuta, mwenzake wa kinanda, na huyo msichana. Walinitumia hiyo ngoma kwa WhatsApp mwezi jana, nikaipiga usiku kwenye matanga huku Ahero. Vijana wakauliza kama wewe, wazee wakanituma nirudishe ohangla.

Jina hawana. Wamelibadilisha mara mbili, ndiyo maana faili inazunguka hivyo hivyo. Na Shazam isingekusaidia hata barabara ingenyamaza, kwa sababu inalinganisha unachosikia na nyimbo zilizomo kwenye hifadhi yake. Ngoma ambayo haijatolewa popote itaipata wapi?

Hilo dum lako ni sauti ya Roland TR-808, mashine ya ngoma ya Kijapani ya 1980. Siku hizi huhitaji mashine, sauti zake zimo kwenye programu za bure. Ila nyatiti hawakuitoa kwenye programu. Waliirekodi chumbani, dirisha limezibwa kwa godoro, na ukisikiliza kwa spika nzuri karibu na mwisho kuna jogoo anawika. Anayeipiga ni huyo huyo msichana.

MzeeKarachuonyo:
Binti ashike thum? Enzi zetu hilo halikuwepo. Ni la wanaume.

CherehaniKibuye:
Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Lakini Eriko Mukoyama alitoka Japani akaja kujifunza nyatiti huku kwetu mpaka akaitwa Anyango. Wa Japani afundishwe, wa Maseno akatazwe?

Na nikwambie siri. Bibi akienda sokoni, babu alikuwa ananiachia nyuzi mbili kati ya zile nane. Siku bibi aliporudi mapema, babu alisema nilikuwa nafuta vumbi.

MzeeKarachuonyo:
Haya. Itumeni hiyo ngoma niisikie kwanza.

DJwaMatanga:
Nimewatumia wote. Mama fundi, nimewaambia kuna fundi wa Kibuye anawatafuta. Badala ya kufurahi wameuliza bei! Wanataka nguo za jukwaani, za kitenge, watu watatu. Wamealikwa kupiga muziki Dunga, kule ufukweni, mwisho wa mwezi na hawana cha kuvaa.

WaLanet:
Hahaha. Mashabiki wamekuwa wateja.

CherehaniKibuye:
Jogoo nimemsikia! Nimerudia mara nne, mume wangu amehamia sebuleni.

Waje Jumapili, si siku nyingine, nina sare za shule mbili hazijakatwa. Kitenge wanunue wenyewe, yadi 6 wasipunguze. Za ushonaji watanilipa nusu, nusu nyingine baada ya Dunga. Wavulana nitawashonea chochote watakacho. Huyo binti mwambieni mapema asiniletee picha ya sketi ya kubana. Nyatiti hupigwa umekaa chini, na mguu wenye njuga unataka nafasi.