Mrejesho: vigawo vya shirika darasani kwangu Kisumu

Niliwauliza walimu wenzangu namna ya kuwasaidia wanafunzi wangu, ambao wakipewa 18n + 24v huandika 2(9n + 12v) na kuweka kalamu chini, ingawa 9 na 12 bado zina kigawo cha shirika, yaani namba inayozigawa zote mbili bila baki: 3. Nawashukuru sana mlionishauri nianzie sokoni. Niliwapa nyanya 18 na vitunguu 24, nikawaomba wapange mafungu mengi iwezekanavyo yanayolingana, kama wafanyavyo wauzaji wa soko la Kibuye. Walipopata mafungu 6, kila moja likiwa na nyanya 3 na vitunguu 4, waliandika wenyewe 6(3n + 4v), n ikiwa bei ya nyanya moja na v bei ya kitunguu kimoja. Bado wengine hugeuza 5x + 5 kuwa 5(x), wakiisahau 1 ya 5(x + 1), kwa hiyo sasa kila jibu tunalithibitisha kwa kufungua mabano.