Tupeane uzoefu: "No module named" ndani ya gdb, wewe ilikukuta wapi?

Mwana wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Leo kijana wa fildi kanifuata mezani kanyong'onyea, skripti yake inagoma, `ModuleNotFoundError: No module named 'gdb'`, na ameshahangaika kuitafuta kwa pip, kile kisakinishi cha pakeji za Python, kama pakeji zingine. Hiyo moduli haipakuliwi jamani, imo tumboni mwa gdb yenyewe, ile debaga ya kusakia makosa kwenye programu. Ukiiendesha skripti kwa python3 huipati ng'o, unafungua gdb kwanza halafu humo ndani unaandika `source skripti.py`, au ukiwa nje `gdb -x skripti.py`. Basi nikakumbuka mateso yote ya nyuma. Najua humu kuna waliokutana na makubwa kuliko hayo, tupeane uzoefu, Linux tu.

Kizota Finest
Hiyo ya pip kila mtu kapitia 😂

Mama Zabibu
Mimi `No module named 'encodings'`. gdb haifunguki kabisa, inafia mlangoni. Laptop niliyorithi kwa mtu aliyehama kitengo, kumbe kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali, aliacha PYTHONHOME inaelekea kwenye Anaconda yake, ile Python inayokuja na pakeji zake za data. gdb ya Ubuntu imeshikana na Python ya mfumo, sasa ukiielekeza nyumba ya mwenzake inafika inakuta toleo jingine, vitu vyake havipo, inazimia. Dawa ni `env -u PYTHONHOME gdb ./programu`, ikifunguka ujue mchawi umemkamata, kaufute ule mstari.

Chigogo Terminali
Anaconda ndio ugonjwa wenyewe. Toa kabisa.

Takwimu Kwanza
@Chigogo Terminali kosa ni la mstari kwenye .bashrc wewe unaihukumu Anaconda? Sisi wa data bila hiyo tungelala njaa. Nyie watu wa C mnajiona sana.

Chigogo Terminali
Sijiona, nakuambia ukweli.

Takwimu Kwanza
"Sijiona" ndio nini sasa. Haya.

Fundi wa Majengo
Mkigombana msisahau cha msingi, venv yako, yaani yale mazingira ya Python ya pembeni yenye pakeji zake, gdb haiitambui. Unaweza ukawa umeiwasha, jina lake linaonekana kabisa kwenye terminali, pip inakwambia pakeji ipo, gdb inakwambia haipo, na wote wawili wanasema kweli. Iulize yenyewe: `gdb -batch -ex "python import sys; print(sys.version); print(sys.path)"`. Hapo utaona inatumia Python ipi na inatafuta wapi.

Mzee wa Tambukareli
Sasa hiyo ya venv mmenitonesha kidonda. Ofisi moja hapa mjini, siitaji. Mashine ni Ubuntu 22.04, Python yake 3.10. Kuna dogo alikuwa na numpy, pakeji ya hesabu, kwenye venv ya 3.11, anataka gdb iisome, inagoma, akaamua kwamba Python ya zamani ndiyo inambania. Akaandika `sudo apt remove python3`. Ikashuka orodha ndefu ya vitakavyoondoka nayo, ubuntu-desktop imo humohumo, inamuuliza kwa adabu unaendelea? Akabonyeza Y akaenda zake kunywa chai. Bosi anakuja kuangalia mfumo saa tisa, mimi saa nane niko mtaani nimeshika paja la kuku, simu inaita, mzee njoo kompyuta imekuwa nyeusi. Nafika, kweli, giza na kidude kinapepesa kule juu kushoto. Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa maandishi matupu. Intaneti hakuna, nikachomeka simu yangu kwa waya, `sudo dhclient usb0`, ikashika, bando langu mwenyewe hilo. Nikafungua `/var/log/apt/history.log`, pale kwenye Remove yameandikwa majina ya vyote vilivyoondoka, nikaanza kuvirudisha, python3 kwanza halafu ubuntu-desktop. Iko katikati, ule upepo wetu ukavuma, umeme chali. UPS ipo lakini inashikilia mlango usijifunge!! Umeme unarudi saa tisa kasorobo, `sudo dpkg --configure -a`, maandishi yanashuka kama mvua, mlango unafunguka, bosi huyo na wageni. Akasimama akaangalia skrini, akawageukia wageni: "Mnaona, vijana wangu wako kazini."

Kizota Finest
UPS inashikilia mlango 😂😂😂 nimekufa

Mama Zabibu
Mzee na yule kuku?

Mzee wa Tambukareli
Nilimkuta kapoa. Bando hawajanilipa mpaka leo.

Binti Kondoa
Jamani mada ni moduli siyo kuku. Mimi gdb niliijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi yake, inafunguka lakini inalalamika `Could not load the Python gdb module`. Suluhisho yenyewe inakutajia hapohapo, uipe `--data-directory`, au umalizie `make install` ijue mafaili yake yalipo. Watu hawasomi mstari wa pili wa kosa.

Ihumwa Stesheni
Kwani mnahangaika nini, `pip install --break-system-packages` mambo kwisha.

Fundi wa Majengo
@Ihumwa Stesheni ndio mnaotuletea kazi nyie. Ule ukuta unaouvunja upo tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04 ili usichanganye vya pip na vya apt, kisakinishi cha mfumo, jina lenyewe limekutisha na bado unaandika. Anza na `sudo apt install python3-numpy`, inakuja ya toleo lilelile la mfumo.

Ihumwa Stesheni
Yangu inafanya kazi mwaka wa pili sasa.

Fundi wa Majengo
Subiri siku ya kuapgredi.

Chigogo Terminali
Mimi natumia printf tu, sina shida na mtu.

Dogo wa Ng'ong'ona
Shikamooni wakubwa. Nimeongeza njia ya venv kwenye .gdbinit, faili ambalo gdb hulisoma ikifunguka, kwa sys.path.insert, pakeji nyepesi zimekubali ila numpy inasema `No module named 'numpy.core._multiarray_umath'`. Nifanyeje?

Binti Kondoa
Marahaba. Pakeji za Python tupu zitakubali hivyo, numpy ina sehemu zilizokompailiwa kwa toleo moja tu. Venv yako ni ngapi na gdb ni ngapi?

Dogo wa Ng'ong'ona
3.11 na 3.10

Mzee wa Tambukareli
Dogo usiguse kitu. Upo ofisi gani?