Zawadi ya mzazi kwenda Uingereza: njia ipi mdogo wangu hatadaiwa ushuru mlangoni?

MamaMdogo_Ilala
Habari za jioni wanajamvi. Mdogo wangu amejifungua salama huko Leicester, mtoto wa kwanza, na mama yetu hawezi kusafiri. Tumekusanya doti mbili za khanga, kitenge cha kumbebea mtoto, viungo vya uji wa mzazi (iliki, mdalasini, pilipili manga na tangawizi kavu), chupa ya samli aliyoichemsha mama mwenyewe, na bangili ya fedha ya mtoto.

Mwaka jana nilimtumia mzigo wa Idi. Akaletewa karatasi ya kudaiwa, alipe kwanza ndipo akabidhiwe. Alilipa kimya kimya, mimi nikaja kuambiwa na shemeji miezi miwili baadaye. Iliniuma, kwani mimi nilituma zawadi, yeye kapokea deni. Safari hii nimefikiria njia nne: EMS ya posta (huduma yao ya mizigo ya haraka), kampuni za vifurushi vya haraka, kumpa msafiri, au kumnunulia mtandaoni hukohuko. Mliowahi naomba mnilinganishie.

Nyota_Midlands
Hongereni sana dada, mtoto akue. Mimi niko Uingereza, na haya yalinikuta kwa vitenge alivyonitumia shangazi. Sheria ya hapa ni hii: zawadi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, yenye thamani isiyozidi pauni 39, haitozwi VAT wala ushuru. Ikizidi hapo, VAT inatozwa kwenye thamani yote, si ile iliyozidi peke yake. Vitenge vyangu viliandikwa pauni 80, kwa hiyo VAT ya asilimia 20 ikawa pauni 16, na aliyeleta mzigo akaongeza ada yake ya kushughulikia. Ikivuka pauni 135 ushuru wa forodha nao unaingia.

Pauni 39 kwa shilingi zetu ni kama laki moja na thelathini hivi. Khanga na viungo vinaenea. Bangili ndiyo itakayokuvusha.

Wakala_Bandarini
Dada, nafanya kazi ya forodha Dar, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wengi huandika neno "zawadi" kwenye fomu wakidhani ndiyo msamaha wenyewe. Sivyo. Afisa wa kule anaangalia mambo kadhaa kwa pamoja: anayetuma ni mtu binafsi, anayepokea ni mtu binafsi, kuna sababu ya zawadi (uzazi, harusi, sikukuu), na thamani imeandikwa kwa ukweli.

Njia halali ya kuongeza nafasi ni hii, na wengi hawaijui. Uingereza inahesabu pauni 39 kwa kila mpokeaji, hata kama zawadi zote zimo kwenye kasha moja. Ila kila zawadi ifungwe peke yake, iwe na jina la mwenyewe, na iandikwe kwenye mstari wake katika CN23, ile fomu ya posta ya kuieleza forodha kilichomo. Khanga za mama mtoto funga kwa jina lake. Kitenge cha mtoto, jina la mtoto. Ukiwa na shati la shemeji, jina la shemeji. Usichukue zawadi moja ya bei kubwa ukaigawa kwa majina matatu, hiyo ni kudanganya na wanaijua.

Fomu ijaze kwa Kiingereza, na usiandike "nguo" peke yake. Andika ni vitambaa vya pamba vilivyochapwa, jozi mbili, bei kadhaa, uzito kadhaa. Weka na nakala ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya Kariakoo ndani ya mfuko wa plastiki wa nje. Kasha lisiloeleweka ndilo linalofunguliwa, na likifunguliwa siku zinakwenda.

Na tafadhali, usishushe bei. Kasha likipotea utalipwa kwa bei uliyoandika mwenyewe.

Mwana_wa_Kilifi
Nikiongezea upande wa Ujerumani, kwa vile wengine watasoma uzi huu. Niko Hamburg. Kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya kiwango ni yuro 45, mtu kwa mtu, na iwe ya mara mojamoja. Lakini kahawa, chai na manukato vina vipimo vyake hata kama bei iko chini: kahawa gramu 500, chai gramu 100, manukato gramu 50. Mamangu alinitumia kilo mbili za kahawa ya Nyeri kwa mapenzi tu, zikakaa forodhani, nikaitwa nikazieleze. Wajerumani wana kodi yao ya kahawa, yuro 2.19 kwa kilo ya iliyokaangwa, halafu kuna na hiyo VAT. Nusu kilo ingepita bila neno.

Na ile samli, dadangu, itoe. Maziwa na nyama na chochote kitokanacho navyo haviingii Ulaya kwa posta kutoka kwetu, na Uingereza nao wanakataza vivyo hivyo. Hiyo hawatozi, wanaiteketeza.

MamaMdogo_Ilala
Mwana wa Kilifi, samli imeniuma kuliko bangili. Mama aliichemsha siku nzima. Lakini nimekuelewa, nitamwambia. Je, hizi kampuni za haraka?

Wakala_Bandarini
Za haraka zina kitu kimoja ambacho EMS haina: unaweza kulipia ushuru na VAT wewe mtumaji. Wenyewe wanaita DDP. Unaomba kabla ya kuchapisha karatasi ya mzigo, unalipa hapahapa, na mpokeaji anasaini tu. Kwa zawadi ya laki tano au milioni mimi nakushauri hiyo bila kusita. Kwa khanga mbili nauli yake itazidi bei ya khanga zenyewe. Usipoomba DDP, wao hulipa forodhani kwa niaba ya mpokeaji, kisha wanamdai yeye pamoja na ada. Nahisi ndiyo yaliyomkuta mdogo wako.

Bibi_Harusi_2019
Mimi natetea kununua hukohuko. Harusi ya binamu yangu Manchester nilimnunulia sufuria kwenye duka la mtandaoni la Uingereza kwa kadi ya Visa ya M-Pesa. Mzigo haukuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuna forodha. Angalia tu ghala liko wapi. Nikikuagizia kitu kutoka duka la China kije moja kwa moja kwako, hiyo ni biashara, ule msamaha wa zawadi hauhusiki.

Nyota_Midlands
Kweli, ila khanga ya mzazi hainunuliwi kwenye ghala la Uingereza. Nilipojifungua mimi, mama alinitumia doti moja ikiwa bado na ile harufu ya duka la khanga la mtaa wa Uhuru, Dar. Nililala nayo wiki nzima. Vya viwandani mnunulie huku, vya nyumbani vitoke nyumbani.

Saidi_Minneapolis
Marekani ni dola 100 kwa mpokeaji kwa siku. Ule msamaha mkubwa wa dola 800 kwa vifurushi ulisitishwa tarehe 29 Agosti 2025, lakini zawadi ya kweli ya hadi dola 100 imebaki. Kanada ni dola zao 60, na ukizidisha unalipia kilichozidi tu. Wao ni wapole zaidi hapo kuliko Uingereza.

Wakala_Bandarini
Bangili ipe msafiri. Vito vya thamani haviwekwi kwenye mzigo wa posta usio na bima. Anayeingia Uingereza kwa ndege anaruhusiwa bidhaa za hadi pauni 390 bila kulipa, zikiwemo zawadi. Mpe mtu unayemjua, mfungulie aione, mpe na risiti. Asiyekubali kubeba kitu kilichofungwa yuko sahihi, usimkasirikie.

MamaMdogo_Ilala
MREJESHO. Nimerudi baada ya mwezi na siku kadhaa. Khanga kwa jina la mdogo wangu, kitenge kwa jina la mtoto, viungo nikaviweka kwenye pakiti za dukani zenye maandishi badala ya vile vifuko vya sokoni. Fomu nilijaza kaunta ya posta, yule dada akanisubiri hadi nikamaliza mistari yote mitatu. Kasha limefika, halikufunguliwa, shemeji hakudaiwa hata senti. Bangili ameibeba mtoto wa jirani anayesoma Nottingham.

Samli tumepikia pilau ya arobaini hapa Ilala. Mama alimpigia simu ya video mdogo wangu, akamwonyesha sufuria, naye kule alikuwa amejifunga ile khanga ya rangi ya zambarau.