Tupeane uzoefu: picha ya kauboi ambayo steringi anazeeka na kufa

Mleta mada:
Habari zenu, wanajamvi. Wengi wetu tulikua na kanuni moja ya sinema, kwamba steringi hafi; hata akizingirwa na maadui pande zote, sisi tuliokaa mkekani tulijua atatoka salama. Ndiyo maana The Shootist ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Don Siegel, ilinisumbua nilipoitazama. John Wayne anaigiza J. B. Books, mpiga bastola mashuhuri anayeingia Carson City, Nevada, mwezi Januari 1901, wakati magazeti yanatangaza kifo cha Malkia Victoria, na muda si mrefu daktari anamthibitishia kwamba ana saratani isiyotibika. Naomba anayeijua picha hii, au nyingine ya aina yake, atusimulie aliitazama wapi na ni jambo gani halijamtoka moyoni.

Mchangiaji kutoka Morogoro:
Mkuu, mimi niliiona ukumbi wa video, wakati ule wa kanda, nikiwa bado sekondari. Mwanzoni ukumbi ulichangamka, kwa sababu picha inafungua na vipande vya sinema za zamani za Wayne mwenyewe, kama vile Red River na Rio Bravo, vikieleza maisha ya Books alipokuwa kijana. Mwishoni Books anaingia baa ya Metropole, anawamaliza mahasimu watatu aliowaalika mwenyewe, kisha mhudumu wa baa anamfyatulia bunduki mgongoni. Watu walimgeukia mwenye ukumbi na kumlaumu kwamba amekata kanda, na wapo walioshikilia kwamba kuna sehemu ya pili ambamo steringi anapona na kulipa kisasi. Niliungana nao, na sehemu hiyo ya pili tukaiulizia kwa muda mrefu.

Mchangiaji muuguzi, Mombasa:
Mimi niliitazama nikiwa mtu mzima, na mapigano hayakunigusa sana. Kilichonigusa ni daktari, anayeigizwa na James Stewart, ambaye anamwambia mgonjwa wake ukweli ana kwa ana, na mgonjwa anapotaka kujua mwisho utakuwaje, anaelezwa bila kufichwa kwamba maumivu yatazidi hadi yashinde dawa. Kwetu, mara nyingi jamaa ndio wanaoambiwa kwanza, nao wanakaa kikao na kuamua kwamba mzee asielezwe. Nimewahi kusimama kando ya kitanda cha mtu aliyekuwa akiniuliza kwa macho kile ambacho wanawe walinikataza kukisema. Tazameni pia ule mto mwekundu ambao Books anakwenda nao kila mahali ili aukalie. Hakuna anayeutolea hotuba, lakini aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo anajua mara moja kwamba mtu huyu hawezi tena kukaa juu ya kiti kitupu. Lauren Bacall, anayeigiza mjane mwenye nyumba ya kupanga, alikuwa amempoteza mumewe Humphrey Bogart kwa saratani mwaka 1957, na mimi nadhani jambo hilo linaonekana katika utulivu wake, ingawa huenda ni macho yangu tu.

Mchangiaji kutoka Tanga:
Nami nitaleta nyingine, The Gunfighter ya mwaka 1950, ya Henry King, kwa sababu inanihusu. Niliwahi kupigana ngumi za ridhaa na jina langu likajulikana mitaani. Nilipoacha, sikuachwa: kila nilipoketi mahali kunywa kahawa, alitokea kijana mmoja aliyetaka kuonekana mbele ya wenzake kwamba amenijaribu, na nikinyamaza ilikuwa woga, nikijibu ilikuwa ugomvi. Huyo ndiye Jimmy Ringo, anayeigizwa na Gregory Peck. Anachotaka ni kumwona mkewe na mwanawe waliotengana naye miaka mingi, lakini muda mwingi wa picha ameketi baani, anaitazama saa ya ukutani, huku ndugu watatu wanamfuata kulipiza kisasi na kijana wa mji, Hunt Bromley, anatafuta sifa. Peck alikuwa na umri wa miaka 34 hivi wakati huo, kwa hiyo uzee wa Ringo ni wa kuchoka, si wa mvi. Bromley anampiga risasi kwa kuvizia, naye Ringo, akiwa anakata roho, anasema kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuchomoa, ili kijana asinyongwe, bali aishi akiwindwa kama alivyowindwa yeye. Sijaona adhabu kali kama hiyo katika picha nyingine ya kauboi.

Mchangiaji kutoka Dodoma:
Shikamoo, mzee wetu wa ngumi. Niongeze tu kwamba Books naye anawindwa, ila kwa njia ya biashara: mwandishi wa gazeti anataka habari zake, mwanamke wa zamani anataka kuolewa ili apate jina lake, na mzika maiti anamjia na mipango yake mapema. Jambo moja turekebishane: husemwa sana kwamba Wayne alikuwa anakufa alipoigiza. Ni kweli aliondolewa pafu la kushoto mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, lakini saratani ya tumbo iliyomuua tarehe 11 Juni 1979 iligunduliwa Januari ya mwaka huohuo, muda mrefu baada ya picha kutoka.

Mleta mada:
Ahsante kwa kuliweka sawa, mkuu. Nami nina swali kwa waliosoma riwaya ya Glendon Swarthout ya mwaka 1975, ambayo The Shootist ilitokana nayo. Katika picha, kijana Gillom, mwana wa yule mjane mwenye nyumba ya kupanga, anamuua mhudumu wa baa, anaitazama bastola, kisha anaitupa, na Books anatikisa kichwa kukubali. Katika riwaya kijana huyohuyo ndiye anayemmalizia Books na kuondoka na bastola zake. Binafsi naona riwaya ndiyo iliyosema kweli kuhusu vijana na sifa. Nani anautetea mwisho wa picha?

Mchangiaji muuguzi, Mombasa:
Mimi nautetea. Mama yake alikuwa anamngoja nyumbani.