Naomba ushauri: kumtafuta kaburu aliyemzaa babu, Eldoret

Mjukuu_wa_Sosiani
Habari zenu wakuu. Babu mzaa baba alizaliwa mwaka 1938 kwenye shamba la kaburu karibu na Eldoret. Mama yake alikuwa mpishi pale, na nyumbani ilijulikana mtoto ni wa nani, ingawa haikutajwa mbele ya wageni. Kabla ya kufariki mwaka jana, babu aliniomba niwatafute watu wake wa upande ule. Jina la ukoo ninalo, ila sitaliweka hapa. Familia iliondoka wakati wa uhuru. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Nyaraka
Pole sana kwa msiba, mjukuu wangu. Usikimbilie Uholanzi kwa sababu tu lugha ya makaburu ina asili ya kule. Makaburu wengi wa Uasin Gishu, eneo la Eldoret, walitokea Transvaal, Afrika Kusini. Msafara wa Van Rensburg wa 1908 ulikuja kwa meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, kisha magari ya maksai. Kwa hiyo pitia nyaraka za Afrika Kusini kwanza. Kule mtu akifa hujazwa taarifa ya kifo yenye majina ya wazazi wake, mwenzi na watoto. Karatasi moja, vizazi vitatu. Pia waliunda usharika wao, Vergenoeg, hukohuko uwandani mwaka 1909. Hifadhi ya nyaraka za kanisa lao iko Stellenbosch, Afrika Kusini. Waandikie.

Wanjiru_K
Chunga majina! Kwa makaburu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, sawasawa na sisi Wakikuyu. Utakuta binamu wanne wenye jina moja. Shika tarehe ya kuzaliwa na jina la mke.

Mzee_wa_Nyaraka
Kweli kabisa. Tena jina la ukoo lisikufunge: akina De Villiers asili yao ni Ufaransa, akina Kruger Ujerumani.

Daktari_Tena
Ndugu, niseme lililo gumu. Hati zitakuonyesha kaburu, hazitamwonyesha babu yako. Mtoto wa nje, tena wa mpishi Mwafrika, hakuandikwa popote. Kinachoweza kumuunganisha ni kipimo cha vinasaba. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo apimwe baba yako, kisha alinganishwe na mwanamume wa ukoo ule atakayekubali.

Mjukuu_wa_Sosiani
Asanteni mno. Baba yu hai, nitamwomba Jumapili. Na dada yake babu bado anaishi Turbo, ana miaka 84. Naenda kumsikiliza kabla ya kuandika barua yoyote.