Mrejesho: uwanja wa shule uliong'olewa lami, miche sasa imeshika

Niliuliza kwa nini miche inakufa kwenye uwanja wa shule tuliong'oa lami ili majirani nao wautumie. Waliosema udongo umeshindiliwa walipatia. Kipimo ni rahisi: chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Kina cha maji kisipopungua hata sentimita 2.5 kwa saa, mizizi itakosa hewa. Kokoto za chini ya lami zimetolewa, udongo ukatifuliwa hadi sentimita 60, mboji ikachanganywa juu. Matandazo ni sentimita 8, yasiguse shina, la sivyo gome litaoza. Majirani wana geti lao, mbali na madarasa. Kinachosumbua hasa ni umwagiliaji wakati wa likizo; zamu ziandikwe kwenye makubaliano ya shule na majirani kabla ya kupanda.